Mgeni Aliyekuja na Moto: Mwongozo Kamili wa Kusoma Miamba Iliyochomwa na Magma

Siku tanuru la matofali linapobomolewa, nenda ukasimame karibu na mdomo lilipokuwa likichochewa kuni. Matofali ya pale yameshikana kama donge, yamekuwa meusi yenye kung'aa kama kigae, na ukiligonga moja linalia. Yale ya katikati ni mekundu, mazuri, ndiyo ya kuuza. Ya pembeni kabisa yamepauka, ukiyakuna kwa kucha yanatoa unga. Fundi hana kipimajoto, lakini ukimpa tofali moja mkononi atakuambia lilipangwa wapi. Udongo ni ule ule na kuni ni zile zile. Kilichotofautiana ni umbali kutoka kwenye moto, na muda.

Mwongozo huu unakufundisha kuyasoma mawe kama fundi anavyoyasoma matofali yake. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipanda kutoka chini na kuingia katikati ya miamba iliyokuwepo, hiyo miamba ya zamani ni mwenyeji na magma ni mgeni. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, ila huyu mgeni hamponyi mtu. Humchoma mwenyeji, humkamua maji na gesi, humbadilisha madini, na mara chache humyeyusha kabisa. Hiyo "mara chache" ndiyo wengi wanaikosea. Nimeshaona ripoti za wanafunzi ambamo kila jiwe lililo karibu na daiki (magma iliyoganda kama ukuta ndani ya miamba) "liliyeyuka". Mengi hayakukaribia hata kidogo, na ukimaliza kusoma utaweza kuonyesha sababu kwa kikokotoo cha simu.

Vifaa ni vichache: nyundo, miwani ya kukinga macho (vipande vya doleraiti, mwamba mweusi mgumu wa magma iliyoganda, huruka kama risasi), lenzi ya mkono inayokuza mara 10, futi ya kamba, msumari wa chuma, kichupa cha siki kali au asidi nyepesi, maka peni, mifuko na daftari. Kama mwamba wenyewe uko kwenye kingo za barabara iliyochongwa, vaa kizibao cha kung'aa na usimgeuzie mgongo dereva yeyote.

Hatua ya kwanza: hakikisha mgeni aliingia, hakupita juu

Mwamba mweusi uliolala kati ya matabaka mawili unaweza kuwa lava iliyomwagika juu ya ardhi kisha ikafukiwa, au unaweza kuwa sili, yaani magma iliyojipenyeza kati ya matabaka ambayo tayari yalikuwepo. Ukikosea hapa, yote yanayofuata ni bure.

Angalia tabaka la juu yake. Lava huchoma kilicho chini yake tu. Matope yaliyokuja kutua juu baada ya miaka elfu yalikuta imeshapoa, kwa hiyo hayana alama ya moto. Sili huchoma pande zote mbili, juu na chini. Daiki ni rahisi zaidi kuitambua, kwa sababu husimama kama ukuta na kukata matabaka bila kufuata mpangilio wake.

Kisha sogeza lenzi kwenye ukingo wa mgeni mwenyewe. Utaona pindo, kama pindo la kanga: sentimita chache ambazo punje zake ni ndogo mno hata hazionekani, na ukielekea katikati zinakua hadi kufikia ukubwa wa punje za chumvi ya mawe. Pindo hilo lilipoa ghafla lilipogusa mwenyeji aliye baridi. Mgeni asiye na pindo ana habari nyingine: huenda mwenyeji alikuwa tayari na joto kubwa, au magma ilipita hapo muda mrefu hadi ikala pindo lake la kwanza. Liandike hilo, tutalirudia.

Hatua ya pili: mjue mwenyeji kabla hajachomwa

Hili watu hawalipendi kwa sababu linahitaji kutembea. Ondoka kwenye mguso, yaani pale mgeni na mwenyeji wanapogusana, nenda mbali hadi mahali ambapo huoni tena mabadiliko yoyote, na uanzie hapo. Ukianzia kwenye mguso utaona jiwe jeusi gumu na hutajua lilikuwa nini. Ukianzia mbali utaliona tabaka lile lile la matope likibadilika hatua kwa hatua chini ya miguu yako.

Afrika Mashariki kuna mtego mmoja. Sehemu kubwa ya mashariki mwa Tanzania na Kenya imekaa juu ya Ukanda wa Msumbiji, miamba iliyokandamizwa na kupikwa kilomita nyingi chini ya ardhi wakati mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Naisi zenye michirizi myeupe na myeusi unazoziona Morogoro au Taita hazikuchomwa na daiki ya jirani. Zilishageuka zamani, kwa joto na mgandamizo wa eneo zima. Mwamba uliochomwa na mguso tu hauna ile michirizi iliyolala upande mmoja, kwa sababu hakuna aliyeukandamiza. Punje zake zimekaa ovyo, zikiangalia kila upande.

Nikiwa hapo hapo, kuna hadithi maarufu kwamba tanzanaiti ya Mererani ilipikwa na moto wa Kilimanjaro. Inauza vito vizuri, lakini tarehe haziruhusu. Tanzanaiti ina umri wa takriban miaka milioni 585, na Kilimanjaro haujafikisha hata milioni 3.

Hatua ya tatu: pima unene, kisha panga vituo kwa unene huo

Pima unene wa daiki kwa pembe mraba na kuta zake. Tuseme umepata mita 4. Usichukue sampuli kila mita moja kwa mazoea. Chukua palepale kwenye mguso, kisha nusu ya unene (mita 2 kutoka ukutani), unene mmoja (mita 4), unene mara mbili (mita 8), na moja ya mbali kabisa kama shahidi. Joto husafiri kwa kufuata ukubwa wa chanzo chake, na ukipanga vituo hivi unaweza kulinganisha daiki ya mita 4 na sili ya mita 100 kwa kipimo kimoja.

Ziandike sampuli palepale kwa maka peni, umbali na upande. Mfuko wenye mawe sita meusi yasiyo na namba ni mfuko wa kokoto.

Hatua ya nne: soma alichobadilika mwenyeji

Kila aina ya mwenyeji ina lugha yake, na anayezungumza kuliko wote ni matope.

Mwamba wa matope una kila kiungo: aluminiamu, silika, potasiamu, chuma, maji. Joto likianza kupanda, kitu cha kwanza kuonekana ni madoa, kama uso wenye vipele, kwenye mwamba ambao bado unapasuka kwa matabaka. Zaidi ya hapo huja ulanga mweusi mpya, na jiwe linapata rangi ya kahawia yenye zambarau kwa mbali. Karibu nyuzi 550 za Selsiasi madini ya kodieraiti huwa yameshamea, mara nyingi kama vidonge vya mviringo vinavyochakaa haraka na kuacha vishimo usoni mwa jiwe. Andalusaiti, madini mengine, hutokea kama vijiti vyenye umbo la mraba ukivikata. Kikate kijiti hicho kwa msumeno, ukiloweshe, ukiangalie kwa lenzi: mara nyingine utakuta msalaba mweusi umechorwa ndani, pembe hadi pembe. Hakuna aliyeuchora. Fuwele ilipokuwa ikikua ilisukuma masizi ya kinywe yaliyokuwa kwenye matope, yakasongamana kwenye pembe zake. Nimeshampa mzee mmoja kijiti hicho na akaniuliza nimekitoa kanisa gani.

Karibu kabisa na mguso matabaka yanapotea, na unabaki na honfelsi: mwamba mgumu, wa punje laini, unaopasuka ovyo kama chupa nene. Ukikwaruza kwa msumari, msumari ndio unaoacha chuma chake kwenye jiwe. Ukigonga, nyundo inarudi mkononi na jiwe linalia. Ndilo lile tofali la mdomo wa tanuru.

Mahali wanajiolojia walipojifunza mfuatano huu kwa undani ni Ballachulish, nyanda za juu za Uskoti. Magma ya huko iliingia kama miaka milioni 425 iliyopita, kilomita 10 hivi chini ya ardhi ya wakati ule, na kuchoma shisti na sleti, miamba iliyotokana na matope, kwa upana wa mamia ya mita. Unaweza kupanda mlima ukivuka mistari ya madini mmoja baada ya mwingine: hapa kodieraiti inaanza, pale juu feldispa ya potasiamu, na karibu na mguso michirizi ya kuyeyuka. Wazo kwamba madini haya hayatokei kwa bahati, kwamba kila kundi lina joto lake na muundo wake wa kikemia, lilisimama imara mwaka 1911, mwanajiolojia Victor Goldschmidt alipozigawa honfelsi za eneo la Oslo katika madaraja 10. Alikuwa kijana wa miaka 23.

Mwenyeji wa chokaa ana siri tofauti. Watu wa pwani wanajua kinachotokea ukichoma mawe ya matumbawe kwenye tanuri la wazi: kaboni dayoksaidi inatoka, inabaki chokaa ya kujengea, nyeupe na nyepesi. Sasa kwa nini magma ikichoma chokaa chini ya ardhi tunapata marumaru na si chokaa ya kujengea? Sir James Hall wa Edinburgh alilijibu swali hilo mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya hatari kidogo. Alisaga mawe ya chokaa, akayashindilia ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba na kuitia motoni. Mingi ilipasuka. Iliyovumilia, alipoifungua, ndani alikuta jiwe gumu la fuwele, kama marumaru. Gesi ikikosa pa kutokea, chokaa haivunjiki, inajipanga upya tu. Uzito wa kilomita za miamba ndio mtutu wa bunduki wa asili.

Lakini hiyo ni chokaa safi. Yenye mchanga ndani hufanya jambo jingine. Kalisaiti (madini ya chokaa) na kwatzi (madini ya mchanga) zikishikana kwenye joto kali huzaa wolastonaiti, madini meupe yenye nyuzi kama manyoya, na kaboni dayoksaidi inafukuzwa. Hesabu ya kikemia ni rahisi: katika kila gramu 160 za mchanganyiko huo, gramu 44 zinaondoka kama gesi. Zaidi ya robo ya uzito imepotea hewani, kwa hiyo usishangae kukuta mwamba umejaa nyufa na mishipa pale. Jaribio lake ni hili: kwaruza upate unga, tonesha asidi. Marumaru itatoa povu, wolastonaiti itanyamaza. Chokaa ya matope yenye magnesiamu inaleta kundi refu zaidi la madini, na mara nyingi vimiminika vya magma huongeza chuma na silika, ukapata skarni yenye ganeti. Migodi mingi ya shaba na tungsteni duniani imekaa juu ya skarni za namna hiyo.

Mchanga hauna mengi ya kusema. Ukiwa kwatzi tupu, punje hushikana tu na kuwa ngumu zaidi. Makaa ya mawe, kinyume chake, hupiga kelele. Afrika Kusini, sili za doleraiti za Karoo zilizoingia kama miaka milioni 183 iliyopita ziliyachoma makaa hadi yakawa kama makaa yaliyokwisha kutumika, na wachimbaji wa huko hukereka wakikutana na sehemu hiyo kwa sababu haiungui vizuri. Gesi iliyokamuliwa kutoka kwenye miamba ile yenye mabaki ya viumbe ilitoboa mashimo hadi juu, na wanasayansi wengi wanaihusisha na ongezeko la joto la dunia la wakati ule.

Hatua ya tano: piga hesabu

Hapa ndipo pazuri. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba magma ya nyuzi 1,150 ikigusa mwamba, mwamba nao unafika 1,150. Haiwi hivyo. Sekunde ile ile magma inapompa mwenyeji joto, yenyewe inapoa, na kwenye mguso wanakutana katikati. Kama magma isingekuwa na kitu cha ziada, wangekutana nusu kwa nusu. Ila magma inapoganda hutoa joto la kugandia lililofichika ndani yake, na hilo linavuta mizani kidogo upande wa moto. John Conrad Jaeger, mwanahisabati wa Australia, aliyapangilia haya miaka ya 1950, na kwa kazi ya porini yanatosha makadirio haya.

Tafuta tofauti kati ya joto la magma na joto la mwenyeji kabla. Mguso hupanda kwa takriban 0.6 ya tofauti hiyo. Nusu ya unene kutoka ukutani hupanda kwa 0.3, unene mmoja kwa 0.2, na unene mara mbili kwa 0.12.

Daiki yetu ya mita 4: magma ya basalti (ile inayoganda kuwa mwamba mweusi) nyuzi 1,150, mwenyeji nyuzi 50, tofauti 1,100. Mguso ni 660 ukijumlisha 50, yaani 710. Mita 2 kutoka hapo ni kama 380. Mita 4, kama 270. Mita 8, kama 180, joto la kuoka maandazi. Sasa angalia sampuli zako. Ukikuta kodieraiti mita 4 kutoka ukutani, kuna kitu hesabu haijakuambia, na hicho ndicho cha kutafuta.

Muda nao una kanuni yake. Siku za daiki kuganda ni kama 2.7 mara unene wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mita 4: 2.7 mara 16, siku 43. Mita 2: siku 11. Sili ya mita 100: siku 27,000, yaani miaka kama 74. Unene wa kilomita moja: zaidi ya miaka 7,000. Unene ukizidi mara kumi, muda unazidi mara mia. Hii ndiyo sababu daiki nyembamba huacha ukanda mwembamba wenye madini machanga, madogo, ambayo hayakupata wasaa wa kukua, na mlima wa itale (graniti) unaacha honfelsi zenye fuwele za kushika kwa vidole.

Jambo moja zaidi, nililipenda tangu nilipolielewa: joto la juu kabisa halifiki kila mahali siku moja. Kwenye daiki yetu, magma imeshaganda siku ya 43, lakini jiwe lililo mita 2 kutoka ukutani linafikia kilele chake baada ya karibu miezi sita tangu magma iingie. Mgeni amekufa na mwenyeji bado anazidi kupata homa.

Hatua ya sita: je, aliyeyuka?

Kuyeyuka kuna masharti. Kwanza, madini hayayeyuki kila moja kwa wakati wake. Fundi redio anajua: bati huyeyuka kwa nyuzi 232, risasi kwa 327, lakini waya wake wa kulehemu uliochanganya vyote viwili huyeyuka kwa 183. Ndivyo na mwamba. Kwatzi peke yake inahitaji zaidi ya nyuzi 1,700, lakini ikigusana na feldispa, madini mengine ya kawaida ya itale, na pakiwa na maji, zote zinaanza kulegea kabla ya 700. Wanasayansi Tuttle na Bowen walilionyesha hilo kwa majaribio ya maabara waliyoyachapisha mwaka 1958: itale yenye maji, chini ya mgandamizo wa kilomita kadhaa, inayeyuka kwa nyuzi mamia kadhaa chini ya itale kavu iliyo juu ya ardhi, ambayo inahitaji zaidi ya 950.

Kwa hiyo alama za kuyeyuka huanzia pale punje za kwatzi na feldispa zinapopakana. Tafuta haya: kwatzi yenye kingo za mviringo, kama imelambwa, utando mwembamba wa punje ndogo mno unaozunguka punje kubwa, wakati mwingine kioo chenyewe kama mwamba ulipoa haraka, vijimfuko vyeupe vya kwatzi na feldispa vyenye ukingo mweusi wa ulanga na kodieraiti, maana kilichoyeyuka kimejitenga na kisichoyeyuka kimebaki. Vijimfuko vikiungana vikawa mishipa, umefika kwenye migmataiti, yaani mwamba ulioyeyuka nusu. Ukienda mbele zaidi, matabaka yanavunjika vipande na kuelea katika kile kilichoyeyuka, kama viazi kwenye mchuzi mzito. Ballachulish wanalo eneo la namna hiyo, na linaitwa kwa haki eneo la vurugu.

Pili, kuna bajeti. Tuchukue kilo moja ya mwenyeji iliyo na nyuzi 50, tukitaka kuiyeyusha kwa 800. Kuipasha tu ni kama kilojuli 750 (kilojuli ni kipimo cha nishati), na kuiyeyusha ni kama 300 juu yake: 1,050. Kilo moja ya basalti ikishuka kutoka 1,150 hadi 800 na kuganda inatoa kama 785. Hata ikitoa yote bila kupoteza hata chembe, haitoshi kuyeyusha kilo moja ya mwenyeji. Na inapoteza sana, kwa sababu sehemu kubwa ya joto inaishia kupasha miamba ya mbali ambayo haitafika popote. Lakini mweke mwenyeji yule yule kwenye nyuzi 500 tangu mwanzo, chini kabisa ya ukoko wa dunia: sasa anahitaji kilojuli 600 tu. Ndiyo maana kuyeyuka kwa kweli ni jambo la kina kirefu, au la mahali ambapo wageni waliingia mmoja baada ya mwingine hadi nyumba ikapata joto.

Ushahidi wa moja kwa moja ulipatikana kwa bahati mbaya. Mwaka 2009, huko Krafla, Iceland, wahandisi walikuwa wakichimba kisima cha jotoardhi. Walipofika kilomita 2.1 keekee ikakwama, na kilichopanda juu na maji ya kuchimbia kilikuwa vipande vya kioo. Walikuwa wametoboa magma ya raiolaiti (yenye silika nyingi kuliko basalti), ya nyuzi 900 hivi. Kemia yake ilionyesha kwamba haikutoka kwenye kina kirefu kama basalti ya Iceland. Ilikuwa basalti ya zamani, iliyolowa na kubadilishwa na maji ya moto ya hapo hapo, kisha ikayeyushwa sehemu na joto la magma nyingine iliyoingia chini yake. Mwenyeji aligeuka mgeni. Miaka michache baadaye visima vya Menengai, juu ya Nakuru, navyo vilitoa kioo kutoka kama kilomita 2 chini, na keekee zikakwama vilevile.

Hatua ya saba: hesabu ikikataa, usilazimishe

Mara nyingi utakuta mwenyeji ameungua zaidi ya hesabu yako. Kabla ya kusema umekosea, rudi kwenye pindo. Daiki iliyokuwa njia, iliyopitisha magma kwa wiki au miezi kuelekea juu, haikuanza na joto moja ikapoa. Ilikuwa bomba la maji ya moto lililofunguliwa. Ukuta wake unaweza kufikia karibu joto la magma yenyewe, pindo likaliwa, na mwenyeji akayeyuka kwa upana wa mita kadhaa kando ya daiki ndogo. Kanuni ya 0.6 ni ya mgeni aliyeingia mara moja na kukaa kimya.

Ukikuta upande mmoja umeungua kuliko mwingine, tafuta maji. Maji yaliyomo kwenye mchanga unaopitisha maji hubeba joto kwenda juu, hivyo paa la sili linaungua mbali na sakafu inabaki baridi. Mwenyeji mwenye maji mengi pia hupoteza joto jingi kwa kuyachemsha tu.

Na kuna wageni ambao hawana moto wa kutosha lakini wana sumu. Lava ya Oldoinyo Lengai ni ya kabonati ya sodiamu, na hutoka kwa nyuzi 500 hadi 600 tu, baridi kuliko lava nyingine yoyote duniani. Haiwezi kuyeyusha itale. Magma za jamii hiyo ya kabonati, ziitwazo kabonataiti, humbadilisha mwenyeji kwa vimiminika vyenye sodiamu na potasiamu: kwatzi inaliwa, madini ya kijani kibichi na bluu yanaingia mahali pake. Kilima cha Panda karibu na Mbeya kimezungukwa na naisi za namna hiyo. Ukizipima kwa kanuni ya joto utapata majibu ya ajabu, kwa sababu kilichofanya kazi pale zaidi ni kemia.

Kwa anayetafuta madini, mahali mwenyeji alipoyeyuka au kuliwa na magma ndipo pa kuangalia mara mbili. Kabanga, wilayani Ngara, magma ya basalti na jamaa zake iliingia kama miaka bilioni 1.4 iliyopita kwenye matope yenye salfa na kinywe. Magma ilikuwa na nikeli lakini salfa yake haikutosha. Ikamchoma mwenyeji, ikamnyang'anya salfa, na matone mazito ya salfaidi yakazama yakibeba nikeli na shaba. Isotopu (aina za atomi zinazotofautiana uzito) za salfa ya madini yale zinafanana na za matope ya jirani kuliko za magma. Kwa hiyo ukiwa na jiwe la namna hiyo mkononi, lichonge uso mmoja, lilainishe kwa msasa, liloweshe maji, na utafute kwa lenzi pale vipande vya matope vilivyoungua vinapogusa salfaidi ya rangi ya shaba: kingo zao huwa zimelambwa.